Bakuli la sita: uchambuzi wa kisa cha mwana aliyeondolewa kwenye hesabu ya nyumba

Watu na mahali

Kisa hiki kilitokea katika mji mdogo wa soko magharibi mwa Kenya, ukanda wa miwa, ambako lami inapita katikati ya maduka na nyuma ya maduka ni mashamba moja kwa moja. Jina la mji, kanisa, kaunti na majina ya watu wote yameondolewa. Muda unahesabiwa kwa miezi tangu mzee wa boma alipofariki. Watu wanaitwa kwa nafasi zao nyumbani. Mama ni mjane. Kifungua mimba ni mwanawe wa kwanza. Wa Nne ni mtoto wa nne kati ya sita, mwanamume wa miaka 33. Mulamwa ni mke wa mtoto wa tatu, na ndiye aliyekuwa akipika hapo nyumbani. Senge ni dada ya marehemu. Mulamwa na senge ni Kiluhya cha shemeji na shangazi. Yameachwa kwa sababu ndivyo walivyoitana.

Kimeandikwa kwa wahudumu wa afya ya jamii, wauguzi wa zahanati, maafisa wa maendeleo ya jamii na wasaidizi wa kisheria, yaani watu ambao siku moja watakaribishwa chai katika boma kama hili.

Usuli

Wa Nne alianza kuugua akiwa na miaka 20, muda mfupi baada ya mtihani wa kidato cha nne. Alikosa usingizi kwa wiki kadhaa, akawa anajibu sauti ambazo wengine hawakuzisikia, akashikilia kuwa jirani ametia sumu kwenye chemchemi. Familia ilipita njia ambayo nyingi hupita: maombi, kisha mganga, kisha hospitali ya rufaa ya kaunti. Huko alilazwa wiki tatu, akapata nafuu ya wazi, akaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya mwezi mmoja. Tarehe ya kliniki iliandikwa kwenye kadi, lakini hakurudi. Nauli ya watu wawili, matatu mbili na boda boda kwenda na kurudi, ilikuwa sawa na matumizi ya nyumba ya juma zima, na tena alionekana mzima. Hapa ndipo matibabu ya skizofrenia, yaani maradhi ya akili ya namna hii, hukatika mara nyingi: dawa humpa mtu nafuu, kisha watu wakiiona nafuu husema dawa haina kazi tena.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Februari, kila kitu kikiwa kikavu, alichoma magugu kando ya shamba. Moto ukaingia kwenye nusu ekari ya miwa ya jirani. Muwa ulioungua hauna subira; usipofika kiwandani upesi, sukari yake hupotea na bei hushuka. Lori la kiwanda lilikuja siku ya tano. Jirani alikuwa amelima kwa mkopo.

Mzee alilipa mtamba mmoja na pesa taslimu. Kikao kilifanyika chini ya mti, liguru, yaani kiongozi wa kijiji, akiwapo pamoja na watu wengine kama kumi na mbili, na mzee akasema maneno ambayo kila aliyehojiwa aliyakumbuka vilevile: "Mtoto huyu hatamsumbua mtu tena." Hakuna kilichoandikwa, na hakuna aliyeuliza ahadi hiyo ingetimizwaje.

Ilitimizwa kwa chumba cha udongo nyuma ya jiko, mita mbili kwa mbili na nusu, mlango wa bati, na mnyororo wa kama mita mbili kutoka kifundo cha mguu hadi kwenye nguzo iliyochimbiwa chini, umefungwa kwa kufuli ya baiskeli. Miaka ya mwanzo mzee alimfungua kila Jumapili, majirani wakiwa kanisani, akamkalisha juani na kumnyoa. Mzee alipopata kiharusi, Jumapili hizo zikaisha, kwa sababu Mama hakuweza kumshika peke yake. Wageni waliambiwa kijana yuko Uganda, anafanya kazi Jinja.

Jambo hilo lilidumu miaka kumi na moja. Mji haukukosa habari. Waliokuwa chini ya mti walijua, na wake zao walijua, na watoto waliopita njia ya chemchemi walisikia mtu akiimba nyuma ya jiko. Lakini waliokaa kwenye kikao kile walikuwa wamepokea ahadi, na kuitaja kungekuwa kukiri kwamba waliiomba wao.

Jinsi siri ilivyoingia kwenye karatasi

Sehemu hii inahitaji kusomwa polepole. Wengi hudhani siri ya nyumba huhifadhiwa kwa ukimya. Hii ilihifadhiwa kwa karatasi nne, na kila karatasi ilinakiliwa kutoka kwa iliyotangulia.

Ya kwanza ilikuwa tangazo la kifo redioni. Kifungua mimba aliliandika usiku ule mzee alipofariki: ameacha mjane, watoto watano na wajukuu. Baadaye alieleza kwamba hakuwa akiwazia shamba wakati huo. Aliwazia waombolezaji kutoka mbali ambao wangeuliza wa sita yuko wapi.

Ya pili ilikuwa kijitabu cha mazishi. Wasifu wa marehemu ulinakili tangazo: watoto watano, kwa majina. Nakala mia mbili zilichapishwa mjini na kugawiwa kwa watu ambao kadhaa wao walimjua Wa Nne tangu akitambaa. Siku ya kunyoa nywele, ambapo madeni na warithi hutajwa mbele ya ukoo, mzee mmoja aliinua kijitabu na kusoma majina. Senge aliinamisha kichwa. Hakusema neno.

Ya tatu ilikuwa barua ya chifu, mwezi wa pili. Ofisi iliomba orodha ya walioachwa na marehemu. Kifungua mimba akapeleka kijitabu. Karani alinakili majina matano. Uzembe huu haukutokana na rushwa. Kijitabu cha mazishi kina picha ya marehemu na jina la kanisa, na mtu hukiona kama ushahidi.

Ya nne ilikuwa ombi la usimamizi wa mirathi, mwezi wa tatu. Kwenye kiapo cha fomu ya P&A 5 muombaji hutaja kila mjane na kila mtoto aliye hai. Kifungua mimba aliapa watano. Kwenye fomu ya P&A 38 ndugu hutia saini za ridhaa; dada wawili walioolewa walitia saini katika stendi ya matatu, juu ya kiti cha gari, bila kusoma. Mmoja alikiri aliona hesabu haitimii. "Nilifikiri mwanasheria anajua," alisema.

Tangazo lilitoka katika gazeti rasmi la serikali, siku 30 za kupinga zikapita bila mtu kujitokeza, na mwezi wa tano hati ya usimamizi ikatolewa kwa watu wawili, Mama na Kifungua mimba. Sababu ya kuwa wawili ndiyo iliyookoa kisa hiki baadaye. Mjane akiwa hai, ana haki ya kutumia mali maisha yake yote kabla haijawafikia watoto, na sheria hutaka mali ya namna hiyo isimamiwe na watu wasiopungua wawili. Kifungua mimba aliona jina la Mama kama jambo la karatasi tu.

Mwezi wa sita alipokea shilingi 350,000 za malipo ya awali kwa ekari moja. Shamba lote lilikuwa ekari saba. Hati ilikuwa bado haijathibitishwa na mahakama, na msimamizi haruhusiwi kuuza ardhi ya marehemu kabla ya uthibitisho. Mnunuzi hakuambiwa.

Mwezi wa tisa: bakuli

Mhudumu wa afya ya jamii alikuwa akimtembelea Mama kwa ajili ya shinikizo la damu. Tangu Septemba 2023 wahudumu hawa wana mkoba wenye mashine ya kupimia presha na sukari, na mmoja huangalia takriban nyumba mia moja. Kwenye simu yake nyumba hii ilikuwa na watu watano: Mama, Mulamwa na watoto wake watatu. Mume wa Mulamwa alikuwa akifanya kazi Nairobi.

Jioni moja mvua ilimzuia hadi wakati wa chakula. Mulamwa alipakua sahani tano, na ya mgeni. Kisha akatoa bakuli la bati la buluu, lililomeguka rangi ukingoni. Ugali aliutia humo ukiwa tayari umekatwakatwa vipande vidogo, akaumwagia mrenda, akafunika na sahani, akaliweka karibu na mlango wa nyuma. Mtoto mdogo alilichukua bila kuambiwa na kutoka nalo mvuani. Aliporudi hakuna aliyemuuliza alikoenda.

Mhudumu hakuuliza kitu. Alimaliza kula, akashukuru, akaenda zake.

Asubuhi alimngoja Mulamwa kwenye chemchemi, akamsaidia kujitwika mtungi, akamwambia: "Dada, yule anayekula kwa lile bakuli la buluu, siku hizi anamaliza?" Swali hilo halikuuliza kama yupo, wala yeye ni nani, wala nani alimfunga. Lilimkuta Mulamwa kwenye kazi yake, na kwenye hofu yake pia. Alijibu palepale: "Siku hizi anaacha nusu." Maswali mengine manne yakafuata: mguu una kidonda, usiku ana joto, amewahi kumpiga mtu, na mara ya mwisho kumeza dawa ya hospitali ni lini. Majibu: kidonda kipo na kinanuka, joto hajui, hajawahi kumpiga mtu tangu afungwe, dawa ni miaka mingi.

Maswali hayo matano ndiyo yaliyoamua kasi. Mtu anayekula nusu, mwenye kidonda chenye harufu na asiye na dawa hafi usiku wa leo, lakini hawezi kungoja mwezi. Mhudumu alitoa taarifa kwa muuguzi wa zahanati siku hiyohiyo. Wakapanga kumwona ndani ya siku tatu, wakianza na Mama.

Usiku uliopotea

Hapo ndipo kosa kubwa lilipofanyika, na lilifanywa kwa nia njema. Muuguzi, akitaka ziara iwe salama, alimpigia simu liguru kumjulisha. Liguru ndiye aliyekaa chini ya mti miaka kumi na moja nyuma. Kabla ya saa nne usiku Kifungua mimba alikuwa na habari.

Wa Nne aliondolewa gizani, amekalishwa kwenye boda boda katikati ya watu wawili na mikono imefungwa. Akavushwa mto na kulazwa katika ghala la mashine ya sukari guru ya shemeji yao. Alikaa siku mbili. Asubuhi ya ziara wahudumu walikuta chumba kimefagiwa, nguzo imeng'olewa, na Mama ameketi jikoni analia bila sauti.

Kulikuwa na njia mbili. Afisa wa maendeleo ya jamii alitaka polisi waende ghalani mara moja. Kumfungia mtu isivyo halali ni kosa, na Sheria ya Afya ya Akili kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 inalinda utu wa mtu mwenye maradhi hayo. Mhudumu aliogopa kwamba gari la polisi likionekana barabarani, kijana atahamishwa tena, safari hii mbali zaidi. Waliafikiana: kituo cha polisi kiarifiwe na taarifa iandikwe kwenye kitabu cha matukio, lakini saa za mwanzo zitumike kumfikia mtu ambaye Kifungua mimba hawezi kumpuuza.

Mama ndiye aliyemtaja. Alimpigia Senge mwenyewe.

Senge alifika kwa boda boda kesho yake asubuhi, akaketi uani juu ya kigoda, akaletewa maji. Akayasukuma kando. "Sinywi maji ya boma hili mpaka mtoto wa kaka yangu arudi." Kwa wasiojua uzito wake: dada ya marehemu akikataa maji katika boma alikozaliwa, kila mpita njia huuliza kuna nini, na jibu lolote ni aibu. Alikaa hapo tangu saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni Wa Nne alirudishwa, ana homa, na kidonda kimefunguka.

Hospitalini

Alilazwa usiku huo katika hospitali ya kaunti. Urefu sentimita 174, uzito kilo 44. Kwa uzito huo kuna hatari ambayo familia nyingi hazijui: mwili ulioshinda njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, chumvi za damu hushuka kwa kasi na moyo unaweza kusimama. Kanuni ni kuanza na takriban kalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, vitamini B1 itangulie, na kuongeza hatua kwa hatua kwa siku kadhaa huku damu ikipimwa. Kwake hiyo ilikuwa kama kalori 440, vikombe vidogo vya uji na maziwa. Siku ya pili dada zake walikuja na chapati na nyama ya kuchoma, wakamlisha kwa mapenzi yote. Jioni miguu ilivimba na akalegea. Alinusurika kwa sababu muuguzi wa zamu aliuliza kuna nini kwenye kikapu. Familia inayorudi kwa mtu wake na majuto huja na chakula, kwa hiyo onyo hili litolewe mlangoni, siku ya kwanza, kwa kila anayeingia.

Kidonda kilisafishwa kwa maji ya chumvi kila siku na akachanjwa dhidi ya pepopunda. Magoti yalikuwa yamekakamaa. Ilichukua wiki tatu za mazoezi kutembea hadi mlangoni bila kushikwa. Vipimo vya malaria, kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi na wingi wa damu vilifanywa kabla ya kuhitimisha kwamba hali yake yote ilitokana na akili, na ndivyo inavyopaswa.

Alianzishiwa haloperidol, dawa ya maradhi ya akili, kwa kipimo kidogo. Siku ya tatu shingo ilipinda upande mmoja na macho yakaelekea juu. Mama aliyekuwa kando ya kitanda akaanza kukemea mapepo. Ilikuwa athari ya dawa, inayojulikana, na sindano ya promethazine ilimwachilia ndani ya nusu saa, akaongezewa benzhexol. Familia isipoambiwa mapema kwamba hilo laweza kutokea, huondoka na mgonjwa usiku huohuo na hawarudi. Baadaye alihamishiwa sindano ya fluphenazine, kwanza ya majaribio ya miligramu 12.5, kisha 25 kila wiki nne, kwa sababu ileile iliyomwangusha miaka ya nyuma: hakuna vidonge vya kusahau, na tarehe ni moja tu kwa mwezi.

Bima ya SHA, yaani bima ya afya ya serikali, ilihitaji kitambulisho. Kifungua mimba alisema hakipo. Mama alikwenda nyumbani akarudi na kopo kuukuu la mafuta ya kupikia. Ndani yake, chini ya risiti za jeneza, palikuwa na kitambulisho cha Wa Nne, kimefungwa kwa karatasi za nailoni tabaka juu ya tabaka, za ndani zimegeuka manjano na ya nje bado mpya. Alisajiliwa kupitia *147#. Wasio na mshahara hulipa ada ya mwaka mzima mapema, na dada wawili waligawana.

Mirathi

Zilibaki wiki chache kabla ya miezi sita ya kungoja uthibitisho kutimia. Msaidizi wa kisheria, aliyepatikana kupitia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, alipima njia tatu.

Kuomba hati ifutwe: sheria ya mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 76, huruhusu hati iliyopatikana kwa kuficha jambo muhimu ifutwe wakati wowote. Njia hii ina nguvu, lakini huchukua muda mrefu na ingerudisha kila kitu mwanzo. Kupinga uthibitisho kwa hati ya kiapo: ni njia ya haraka zaidi, lakini ingemhitaji Wa Nne amshtaki kaka yake akiwa bado kitandani. Ya tatu ilikuwa rahisi kiasi cha kutilika shaka. Ombi la uthibitisho lilihitaji wasimamizi wote wawili, na Mama alikuwa mmoja wao. Aliulizwa kama ataweka saini kwenye orodha ya watoto watano.

Akasema: "Nilizaa sita."

Bila saini yake Kifungua mimba hangefika popote. Msaidizi wa kisheria alimweleza wazi kwamba kuapa uongo katika ombi la mirathi, kifungu cha 52, na kuingilia mali ya marehemu, kifungu cha 45, kila kimoja ni kosa lenye faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo haimtishi muuza ekari. Kilichomtisha ni kwamba mkataba wake na mnunuzi haukuwa na mguu wa kusimamia, na mnunuzi ni mtu wa palepale sokoni.

Chifu alitoa barua mpya yenye majina sita. Kiapo cha nyongeza kiliwekwa mahakamani. Kabla ya kuthibitisha, mahakama hutakiwa kuridhika ni akina nani wanaostahili na kila mmoja anapata nini, na ndiyo maana warithi huitwa kusimama. Walisimama sita. Hakimu alimuuliza Wa Nne anaishi wapi na anataka nini. Alijibu kwa sauti ndogo, taratibu, kwamba anataka upande wenye mwembe.

Jambo hili lisipite hivihivi. Maradhi ya akili hayamwondolei mtu urithi, wala hayamfanyi kuwa mtoto mdogo kisheria. Ndugu walipendekeza sehemu yake iandikwe kwa jina la Kifungua mimba "amshikie". Msaidizi wa kisheria alikataa katakata, na ni sawa kabisa. Iliandikwa kwa jina lake mwenyewe, na kizuizi kikawekwa kwenye daftari la ardhi: hakuna kuuza wala kuweka rehani bila amri ya mahakama.

Mama aliridhia kuachia matumizi ya sehemu kubwa, akabaki na ekari moja yenye nyumba kwa maisha yake. Ekari sita zilizosalia ziligawanywa sawa, dada wakiwamo. Ekari ya mnunuzi ilikatwa kwenye fungu la Kifungua mimba, kwa mkataba mpya uliopelekwa kwa bodi ya udhibiti wa ardhi. Yeye amebaki bila shamba.

Hali baada ya mwaka

Wa Nne ana kilo 61. Ana kadi ya ulemavu kutoka Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hukata nyasi za ng'ombe, huchoka haraka, na bado husikia sauti siku nyingine, lakini hazimwamuru. Mwezi wa saba wa matibabu sindano ilikosekana zahanati kwa wiki sita na akarudiwa: hakulala, akavunja dirisha. Safari hii mhudumu alipigiwa simu usiku uleule. Tangu hapo muuguzi huagiza dozi yake mapema na kuandika jina la hospitali ya pili ya kukimbilia endapo itakosekana.

Kifungua mimba hakushtakiwa. Maafisa bado wanatofautiana juu ya hilo. Hoja ya waliotaka ashtakiwe ni nzito: mtu alifungwa kwa mnyororo miaka kumi na moja, na usiku wa ghala ulikuwa uamuzi wa mtu mzima mwenye akili timamu. Walioacha walisema aliyeanza ni marehemu, walioshuhudia ni kijiji kizima, na aliyehitaji kuishi na matokeo ya kesi ni Wa Nne. Uandishi huu unaegemea upande wa kwanza kuhusu usiku wa ghala peke yake. Wakati huo hapakuwa tena na ahadi ya mzee wala woga wa moto. Palikuwa na ekari.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Swali la chemchemi lilifaa kwa sababu lilimwendea mtu sahihi. Katika boma linaloficha mtu, yuko anayebeba chakula. Mara nyingi ni mke wa mtoto, ameingia nyumba ikiwa tayari na siri, hakuwapo ahadi ilipotolewa, na hana cha kurithi kwa kuitunza. Ndiye anayejua kiasi cha chakula kinachorudi, harufu ya kidonda, na usiku gani mtu alilia. Mulamwa alikuwa akizungushia mnyororo vitambaa vya kanga yake kuukuu usikate ngozi. Kidonda kilianza majuma mawili aliyokwenda kwao kumwuguza mama yake, vitambaa visipobadilishwa.

Kuhesabu sahani ni ustadi unaofundishika. Orodha ya simu ilisema watano kwa sababu mhudumu aliyetangulia aliuliza "mko wangapi". Swali bora ni "mnapikia wangapi", liulizwe kwa mpishi.

Barua ya chifu ilishindwa kwa sababu ilinakili kijitabu. Kinga yake haina gharama: afisa amuulize mjane, bila mwana wa kwanza kuwapo, amezaa watoto wangapi kwa jumla na kila mmoja yuko wapi, walio hai na waliokufa. Mama angesema sita. Alisema hivyo kila alipoulizwa. Ni kwamba hakuna aliyemuuliza hadi mwezi wa kumi.

Simu kwa liguru ilikuwa kosa la utaratibu, si la mtu. Kawaida ya kuwaarifu viongozi wa kijiji kabla ya ziara inafaa kwa chanjo na vyandarua. Mahali ambapo kiongozi anaweza kuwa alishuhudia jambo lenyewe likipangwa, arifa ipande juu kwanza, kwa muuguzi msimamizi na afisa wa kaunti ndogo, na kijiji kijulishwe mtu akiwa tayari mikononi salama.

Senge alifanikiwa pale ambapo sheria ingechelewa, lakini mpango usijengwe juu ya kuwapo kwa senge. Huyu mwenyewe aliinamisha kichwa siku ya kunyoa. Alipoulizwa kwa nini, alisema siku ile angemwaibisha kaka yake kaburini, na siku ya kigoda kaka yake alikuwa akiaibishwa na wanawe.

Jambo ambalo timu nzima haikuliona ni gharama ya Mulamwa. Kila mtu alipangiwa: Wa Nne kitanda, Mama msaidizi wa kisheria, mnunuzi ekari yake. Aliyefungua mlango hakupangiwa chochote. Mumewe alipiga simu kutoka Nairobi kumwambia amevunja nyumba ya baba yake, na wiki iliyofuata ugomvi wa maneno ukawa kufukuzwa. Alirudi kwao na watoto watatu kwa miezi miwili na nusu, mkubwa akakosa muhula. Pesa za matumizi zilikatwa. Mhudumu alikwenda kumwona mara mbili kwa nauli yake mwenyewe.

Kilichopaswa kufanyika kinajulikana: kabla ya ziara ya kwanza, kumuuliza Mulamwa nani atamkasirikia na atalala wapi akikasirikiwa, kumtenga na chanzo cha habari kwa kuifanya ziara ionekane imetokana na presha ya Mama, kumtafuta mumewe mapema, kabla kaka yake hajamfikia, na kumwomba Senge, aliyekuwa tayari uani, aseme mbele ya wote kwamba ndiye aliyetaka mtoto arudishwe. Hilo la mwisho lingechukua dakika moja.

Alirudishwa na Mama mwenyewe, aliyekwenda hadi kwao na kuku wawili. Anaishi na kupika palepale. Kifungua mimba akifika hutazama pembeni, na Mulamwa humpakulia sawa na wengine. Hadi kisa hiki kinaandikwa, fomu yake ya kuomba msaada wa karo ya mtoto mkubwa ilikuwa bado mezani kwa afisa, haijajibiwa.